Nani Anakula Bando Langu?

Sehemu ya sita

Wale mlionipigia simu kuniuliza kama nimempata mke wangu, sijampata. Wale mlionipigia kunicheka, namba zenu ninazo.

Kwa ambao hawakuwa nasi wiki jana: mimi ni Mwalimu Osiako, naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja huku karibu na Malava. Laptop yangu ilianza kumaliza bando la mwezi kabla hata wiki haijaisha. Nikamshuku jirani yangu Barnaba kwamba ananyonya mtandao wangu kupitia ua, nikabadilisha nywila mpaka mwenyewe nikawa naisahau. Bando likazidi kuliwa. Kisha nikamshuku mke wangu Rachael, na siku hiyo nilimwambia maneno ambayo ukishayasema huwezi kuyameza tena. Akafunga begi, akaenda kwao Matungu.

Nikabaki mimi na laptop. Na bando likaendelea kuisha.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Mke hayupo, bando linaisha, kwa nini? Mimi pia nilijiuliza. Nikaamua kwamba Rachael analila akiwa Matungu.

Jumamosi asubuhi nikaibeba laptop hadi Malava kwa Griffin. Griffin ana duka la kutengeneza simu na kompyuta, na ana maringo kama ametoka kumpasua mtu moyo.

"Shida ni gani, Mwalimu?"

"Inakula bando."

"Zote zinakulanga."

"Si namna hii. Nikiliweka nikienda kanisani, nikirudi halipo."

Akaifungua, akaguna, akabonyeza hapa na pale. Kisha akageuza kioo nione mwenyewe.

"Unaona? Haipokei. Inatuma."

"Inatuma nini?"

"Sasa hapo ndipo penye kazi."

Sikiliza, msomaji. Mtu akipakua sinema, mashine yake hupokea. Yangu ilikuwa inatoa vitu nje, kutwa nzima, na mimi sijui ni vitu gani. Lakini mimi si mjinga, nikajua papo hapo. Ni mitihani. Mimi ndiye ninayetunga mtihani wa Sayansi wa Gredi ya Sita kwa shule zote za eneo letu.

"Kuna watu wananiibia mitihani," nikamwambia Griffin.

"Wadukuzi," akasema, akitikisa kichwa kwa huzuni. "Na hawa wa siku hizi wako ng'ambo."

Nisiwafiche, nilisikia fahari kidogo. Mtu wa Malava kuibiwa na watu wa ng'ambo si jambo dogo.

"Na haka kataa ka kijani hapa juu ya kioo, ni ka nini? Siku hizi kanawaka tu."

"Hako kanaonyesha mashine iko na afya."

Akaiunganisha na mtandao wa duka lake, akaniambia niiache apakue dawa ya virusi. Niliporudi mchana akasema imepona, tena akaipangusa vumbi mbele yangu. Nikamshukuru, nikamlipa, nikarudi nyumbani na mashine yangu yenye afya.

Nikaiweka mahali pake pa siku zote, juu ya meza ya sebuleni, ikiwa imeyaelekea makochi.

Mwanamume akiachwa peke yake nyumbani hupata uhuru fulani ambao hakuuomba. Nilikuwa nakula mkate nimelala kochini. Nilikuwa naimba. Shati nilikuwa navaa nikienda shule tu. Jumapili hiyo asubuhi nikatoka bafuni na taulo kiunoni, nikasimama katikati ya sebule kuangalia kama bando la jana limebaki.

Lilikuwa limebaki kidogo sana. Nikiwa hapo nalaani wadukuzi, simu ikalia. Namba ya Doha. Alikuwa Gentrix, dada yake Rachael, anayefanya kazi huko.

"Mulamwa, habari ya asubuhi." Mulamwa ndivyo huku kwetu mashemeji wanavyoitana.

"Nzuri, Gentrix. Huko kwema?"

"Kwema. Mulamwa, naomba usogee kidogo kushoto."

Nikasogea. Kwa nini nilisogea sijui. Mtu akikuomba kwa adabu namna hiyo unasogea tu.

"Asante. Ulikuwa umeziba ile picha ya marehemu baba hapo ukutani. Mama anapendanga kuiona akiamka."

Nikaiangalia picha ya baba mkwe ukutani. Nikaiangalia laptop. Nikaliangalia taulo.

"Gentrix, unaniona?"

"Sisi wote tunakuona, shemeji. Tangu matanga."

Niwaeleze ilivyokuwa. Baba mkwe alipofariki, familia ilitaka kuita mtu wa kamera kutoka Mumias arushe mazishi moja kwa moja, ili walio mbali nao wamzike mzee wao. Mimi nikasimama kwenye kikao nikasema, mtaitaje mgeni na mkwe wenu ana laptop? Wakanipigia makofi. Siku ya mazishi stima ikawa inapotea kila baada ya muda. Kila ikirudi ilinibidi nianze upya, na watu wa Doha wananilalamikia kwenye simu kwamba wamekosa maombi, wamekosa wosia, wamekosa jeneza. Nikaona isiwe taabu. Nikaiseti mashine hivi: ukiwaka tu na ukapata mtandao, rusha. Wewe mwenyewe, bila kuniuliza.

Ilifanya kazi vizuri mno. Kuiondoa hiyo seti ndiko sikukumbuka. Baba mkwe akazikwa, watu wakatawanyika, na matanga yakaendelea sebuleni kwangu.

"Gentrix, ni nani na nani wanaoona?"

"Sisi wa huku. Na wale wa Nairobi. Na Mama. Mimi nilimtumia tableti ili awe anaangalia tena mazishi ya Baba. Akifungua anakupata wewe. Siku za kwanza alifikiri bado ni ibada."

"Mama ameniona namna hii?"

"Leo ameigeuza tableti ikaangalia ukuta. Lakini sauti anasikia."

Nikakaa kochini.

Kama wewe si mtu wa huku huenda huelewi. Mimi na mama mkwe hatupeani mikono. Hatuli meza moja. Tukikutana njiani mimi nampisha, naye ananipisha, mpaka kuna siku sote wawili tulijikuta ndani ya miwa, yeye upande ule, mimi upande huu, na barabara iko tupu. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniambia neno usoni. Akitaka kunisalimu humtuma mtu. Na huyo mama sasa amenitazama nikiwa na taulo wakati anakunywa chai. Kuna watu wametozwa mbuzi kwa mambo madogo kuliko hayo.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua, shemeji. Si ulikuwa unakaa hapo mbele unatuangalia macho kwa macho? Halafu ile siku ulimweleza jirani yako habari za matanga yetu, watu wakasema usisumbuliwe, tusikie mpaka mwisho."

Nikaikumbuka siku hiyo. Nilikuwa bado sijagombana na Barnaba. Nilimwambia kwamba kwa wakwe zangu nilipewa bawa la kuku, bawa tu, na firigisi, fungu la heshima, akapewa Mzee Osundwa, mdogo wa marehemu, mtu asiye na meno. Nikamwambia mama mkwe alilia vizuri, hilo siwezi kumnyima, ila jicho moja lilikuwa jikoni kwenye sufuria. Barnaba alicheka, na mimi nikaongeza chumvi.

"Na yule jamaa wa Malava," Gentrix akaendelea, "hakutengeneza kitu. Aliiweka dirishani akala ugali akiangalia mpira. Tuliangalia naye. Wetu walifungwa."

Nikaifunga laptop kwa kishindo. Nikaifunika kwa kitambaa cha meza, na juu ya kitambaa nikaweka Biblia.

Hapo ndipo jambo lenyewe liliponigonga, na lilinigonga vibaya. Rachael hakula bando. Hata kidogo. Nilimfukuza mke wangu nyumbani kwa kosa la mashine, na mashine niliiseti mimi. Niliona aibu, nikasikia uchungu, halafu nikasikia njaa, maana ule mkate wenyewe ulikuwa umeisha. Nyumba bila Rachael ilikuwa imenishinda, na sikuwa nimemwambia mtu.

Nikampigia Mzee Osundwa, kwa kuwa ndiye sasa anayesimamia boma la marehemu.

"Mzee, nakuja leo. Nakuja kumchukua mke wangu."

"Njoo," akasema. "Tunakungoja. Lakini uje umevaa."

Nilifika Matungu mchana, nimevaa suti. Njia nzima nilikuwa naandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na sehemu ya lawama kwa teknolojia, na kuelekea mwisho kulikuwa na pole, fupi, ya heshima, isiyomshusha mtu.

Wakanipa kiti chenye mikono. Ndugu za Rachael walikuwa wamejaa ukumbini, na hakuna aliyeshusha macho chini ya shingo yangu. Mama mkwe alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ametupa mgongo. Mezani palikuwa na ile tableti, imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Rachael sikumwona.

Nikasimama. "Wazee wangu, ndugu zangu. Kama mnavyojua, dunia ya leo—"

"Kaa chini, Mwalimu," akasema Mzee Osundwa. "Maneno yako tumeyasikia. Tumeyasikia hata zaidi ya vile ulitaka. Leo wewe ndiye unasikiliza."

"Sawa, mzee. Rachael yuko wapi?"

"Alitoka asubuhi, baada ya wewe kupiga simu. Ameenda kwako."

"Kwangu? Lakini mimi niko hapa."

"Ndiyo maana ameenda."

Akaigusa tableti. Ilikuwa nyeusi, kisha pakatokea dari, kisha ukuta wangu, kisha picha ya marehemu. Mkono ukapita ukiwa umebeba Biblia. Mtu akavuta kiti, akakaa, akajitengeneza kitambaa kichwani.

Alikuwa Rachael. Nikashika mikono ya kiti.

"Baba Mitchel," akasema, "najua uko hapo na najua wamekupa kile kiti kizuri. Kaa vizuri."

"Rachael, hebu ngoja nikwambie—"

"Hakusikii," akasema Mzee Osundwa.

"Tangu unioe," Rachael akaendelea, "mimi nikianza kusema, wewe unamalizia. Nikisema hapana, unawaambia watu nilimaanisha ndiyo. Nimefikiria sana nitaongea na wewe vipi mpaka nifike mwisho, nikaona ni hivi tu. Wewe ukae kwetu na mimi nikae kwako."

Mmoja wa ndugu zake akaguna kwa kukubali.

"Bando sikula, na sasa umejua. Lakini mimi siko hapa kwa sababu ya bando. Kabla ya bando ilikuwa sukari. Kabla ya sukari ilikuwa nani amegusa redio. Kila kitu kikipotea kwa hii nyumba, mimi ndiye wa kwanza kuulizwa. Nimekupikia, nimekuzalia, nimekulimia hiyo miwa unayojivunia kwa watu, na bado nikisikia ukifungua mlango naanza kujiuliza leo nitashtakiwa nini. Hata wakati nimemzika baba yangu, hukumaliza mwezi kabla ya kuniita mwizi."

Hata ningejibu, angenisikia nani? Nikaangalia viatu vyangu. Niliumia.

"Sasa nina jambo moja," akasema. "Ukilikubali mbele ya watu wa kwetu, nabaki, na ukirudi utakuta nimekusongea obusuma mezani. Ukikataa, begi langu hili hapa mlangoni, na sirudi Matungu. Gentrix ameshanitafutia kazi huko Doha. Mitchel akifunga shule atakuja kukaa na Mama. Kwa hivyo nisikilize sana. Jambo lenyewe ni hili. Kuanzia leo—"

Akanyamaza. Mdomo wazi, mkono mmoja juu.

Tukangoja. Tukangoja tena.

"Ametulia," akasema Mzee Osundwa. "Anatafuta neno zuri."

"Hatafuti, mzee," nikasema. "Bando limeisha."

Katika ukumbi ule hakuna aliyeijua sura hiyo kuliko mimi. Na hebu fikiria ilivyokuwa. Kule Malava mke wangu anaongea. Anasema lile jambo moja ambalo ndoa yetu inalitegemea, analisema taratibu, kwa maneno aliyoyapanga, na hajui kwamba anaiambia meza.

"Mpigie simu upesi," wakasema ndugu zake. "Mwambie angoje."

Hapa nitawaambia kitu ambacho wiki jana sikuwaambia, kwa sababu nilijua mtanihukumu. Siku ile nilipomshtaki Rachael, nilimnyang'anya simu yake niipekue. Aliondoka bila simu.

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikaitoa, nikaiweka mezani kando ya tableti.

Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Mzee Osundwa aliitazama ile simu, akanitazama mimi, akavua kofia akaishika mapajani kama mtu aliyefika msibani.

Kisha nikasikia kandambili sakafuni. Mama mkwe alikuwa ameuacha mlango wa jikoni. Akapita katikati ya watoto wake, akaja mpaka mbele ya kiti changu, akasimama. Nilitaka kumpisha lakini nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Akaniangalia usoni. Mila ikaniambia niinamishe kichwa, woga ukaniambia nisithubutu.

"Mwalimu," akasema. "Nunulia mtoto wangu bando."

Nikatoa simu yangu. Nikakosea namba ya siri, nikarudia, nikakosea tena. Ndugu za Rachael walikuwa wamesimama juu yangu wananihesabia pumzi. Mwishowe ujumbe ukaingia kwamba ile laini ya nyumbani imepokea bando, na kubwa, sikujali ni la bei gani. Tukaigeukia tableti. Rachael alikuwa bado ameganda, mkono juu. Kisha picha ikaruka, mkono ukawa chini, na sauti ikarudi.

"—hilo tu. Si kubwa, na ukilifikiria vizuri utaona hata wewe litakusaidia. Nimemaliza."

Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Alikuwa amelia, na kilio chenyewe kilitupita.

"Mzee Osundwa, Barnaba yuko hapa na simu yake. Umpigie sasa, halafu umpe Baba Mitchel. Nataka neno moja, ndiyo ama la. Sitaki hotuba. Na usiniambie hukusikia, Baba Mitchel. Kutosikia kwako ndiko kumenichosha. Ukisema hukusikia, nachukua begi."

Mzee Osundwa alikuwa ameshabonyeza namba. Kwenye tableti nikamwona Barnaba akiingia kwenye picha, akiitoa simu yake inayolia, akimkabidhi mke wangu.

"Mzee," nikanong'ona, "kuna yeyote hapa aliyesikia alichotaka?"

Wakatazamana. Mama mkwe akatikisa kichwa.

"Halo," ikasema simu, kwa sauti ya Rachael.

Mzee Osundwa akaniwekea simu mkononi. Kwenye tableti nikamwona mke wangu akiinama mbele ili asipitwe na neno, na watu wote wa kwao wakanikazia macho wakingoja jibu la swali nisilolijua.